Vile Nilimugawa Bibi Yangu mu Basi ya Dar es Salaam

Mimi njo yule mutu aliyemutoa bibi yake bure kwa muzee asiyemujua, mbele ya watu karibu makumi tano waliokuwa wanakula wali na kuku, na wakati nilimutoa nilikuwa ninacheka. Ninalisema mwanzoni kabisa sababu ninajua hapa Kalemie hii habari inatembea kwa namna tatu, moja ya watu wa bandari, moja ya watu wa kanisa, na moja ya dada yake bibi yangu (ile njo mubaya zaidi), na zote tatu zinaniweka mimi kuwa mujinga. Ya kweli, hii nitawaelezea sasa, inaniweka kuwa mujinga kupita zote.

Kwanza tuelewane juu ya neno moja. Sisi huku, mutu akisema "bibi yangu", kila mutu anajua ni muke wake. Mama ya mama yako tunamuita kambo, imeisha. Lakini ukivuka ziwa ukafika Kigoma, bibi njo kambo mwenyewe. Ukiwaambia "bibi yangu", wanaona mwanamuke muzee mwenye fimbo na meno mawili yaliyobaki. Na mimi nilikuwa ninajua. Sitawadanganya kusema sikujua, sababu ninaandika mizigo ku bandari mwaka wa kumi na ine sasa, kila juma ninashinda na watu wa maboti ya Kigoma, na wamenicheka juu ya lile neno mupaka wamechoka. Mutu asiyejua alikuwa bibi yangu. Mama Nadine (Nadine ni mutoto wetu wa kwanza) ni mutu wa Nyunzu, anashona nguo, na mbele ya ile safari alikuwa hajavuka ziwa hata siku moja.

Wakati nilimuoa, miaka kumi na nane imepita, nilimuahidi kwamba nitamupeleka kuona bahari. Mutu akiwa anaoa anaahidi mengi, na mengine muke anayasahau, lakini hili alilishika kama stakabadhi. Kila mwaka aliniuliza, kila mwaka nilikuwa na sababu, na siku moja nikamuambia, "Lakini Mama Nadine, hili ziwa lote si maji?" Akanijibu, "Ziwa ninaliona kila siku nikimwaga maji ya sahani. Haukuniahidi ziwa." Mwaka huu sababu zikaniishia, tukafunga mizigo.

Ziwa lilimutesa. Moshi ya kiwanda cha Kabimba ilikuwa bado inaonekana upande wa kushoto, yeye tayari ameinama ukingoni mwa boti, na hakuinuka tena mupaka Kigoma. Tulipofika nikamulaza kwenye chumba cha wageni, nikaenda peke yangu kutafuta tiketi za basi.

Mu ile biro (ofisi) ya tiketi kulikuwa dada mumoja, mupole sana, na karatasi kubwa yenye viti vyote. Akaniambia mbele imebaki siti moja tu, za kukaa wawili zimebaki nyuma kabisa. Sasa mimi, niwaambie ukweli, ninapenda kukaa mbele. Ninapenda kuona barabara inavyokuja, kioo chote kikiwa changu, miguu imenyooka. Nikamuambia, "Dada, nisaidie. Bibi yangu ni mugonjwa, ametapika ziwa muzima."

Akaweka kalamu chini. "Bibi yako? Jamani! Mzee sana?"

Hapo njo pahali. Kama kuna pahali pa kuweka alama mu maisha yangu, ni hapo. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, nalo lilikuwa, "Hapana dada, muke wangu." Maneno mafupi, hayana hata kodi. Badala yake nikaangalia ile karatasi, nikaona vile viti viwili nyuma ya dereva, nikasema kwa sauti ya huruma, "Ni mutu muzima, dada. Magoti hayamusaidii."

(Magoti! Mama Nadine anakanyaga mashini ya kushona kuanzia asubuhi mupaka jioni, magoti yake yana nguvu kuliko yangu.)

Yule dada akapiga simu, akaongea chini chini, kisha akafuta jina moja pale mbele na kuandika kwa herufi kubwa: BIBI, KONGO, MGONJWA. Mimi sikuuliza ni jina la nani lililofutwa. Nikachukua tiketi zangu nikaenda zangu nikipiga mluzi.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi tukaenda kupanda. Sasa muone vile bibi yangu alikuwa. Kwa baridi alijifunga bitenge viwili, juu yake sweta yangu ya kazi, na kitambaa kikubwa alichozungusha kichwa, shingo na mudomo, sababu harufu ya mazuti, yale mafuta ya basi, ilikuwa inamurudishia lile ziwa. Macho tu njo yalikuwa inje. Alitembea ameinama, mukono mumoja ku ukuta, mwingine ku bega la mutu yeyote aliyepita. Kusema haki, hata mimi ningemupa shikamoo.

Muhudumu wa basi, mwanamuke anaitwa Rehema, akamukimbilia. "Huyu ndiye bibi wetu wa Kongo! Shikamoo bibi! Taratibu bibi, taratibu, tupo." Akaita wanaume wawili, wakamushika huku na huku, wakamupandisha kama wanabeba kioo. Dereva mwenyewe akageuka kumusalimia. Tulipokaa, Mama Nadine akanisogelea, akanong'ona ndani ya kile kitambaa:

"Papa Nadine, umeona? Batu ba huku banaheshimu bibi ya mutu!"

"Njo desturi yao," nikamujibu.

"Weye miaka kumi na nane, hata kupanda pikipiki haujanishika mukono."

Nilikuwa ninaangalia barabara.

Ng'ambo ya ule ujia wa katikati alikaa muzee mumoja, mwalimu mustaafu wa Kasulu, jina lake Babu Silvesta, anaenda Dodoma kwa binti yake. Suti yake ilikuwa imepigwa pasi vizuri, kofia juu ya magoti, na miwani minene iliyofungwa na uzi upande mumoja. Akasema, "Mjukuu, hujambo?" Nikageuka kutafuta huyo mujukuu ni nani. Alikuwa mimi. (Nina miaka makumi ine na ine, lakini mwili wangu ni mudogo, ndevu hazioti, na nilivaa kofia iliyoficha upara.)

"Babu yako yupo?" akaniuliza.

"Babu yangu alishakufa zamani," nikajibu, na hilo lilikuwa kweli, mababu zangu wote wawili wamekufa, hata mbinguni wanaweza kuhakikisha.

"Pole sana. Kumbe bibi ni mjane." Akamuangalia Mama Nadine kwa muda, akaivaa kofia yake, akaivua tena.

Kuanzia pale yule muzee alianza kazi. Akatoa chungwa, akalimenya lote kwa kisu kidogo, akalipitisha mbele yangu, "Bibi, hili linakata kichefuchefu." Baadaye ndizi. Baadaye akavua koti lake akasema bibi aweke ku miguu. Mama Nadine alipokea yote, "aksanti muzee, aksanti sana," na kwangu akanong'ona, "Ni muzee muzuri, anafanana na papa yangu." Mimi katikati yao nilikuwa ninapitisha vitu tu, kama ku bandari.

Kisha Babu Silvesta akamuuliza kwa sauti, "Bibi, huyu mjukuu wako anakutunza lakini?"

Mama Nadine akafikiri kidogo, akajibu, "Mujukuu? Bado, muzee. Tunangoja Nadine amalize masomo kwanza."

Muzee akaniangalia kwa huruma, akaniambia kwa sauti ya chini, "Homa imempanda kichwani." Nami, Mungu anisamehe, nikatingisha kichwa kukubali.

Tulipopita Uvinza, Rehema akasimama akatangaza, "Tunachimba dawa, dakika tano!" Mama Nadine akashtuka, "Dawa gani? Basi nzima tunaenda kuchimba?" Nikamuelezea kwamba njo vile wanasema kwa adabu, ni kwenda haja mu pori. Akashuka, ameshikwa na wamama watatu. Nami nikashuka, nikasimama karibu na mulango nikinyoosha mugongo. Aliporudi, upepo ulikuwa umemuamsha, kitambaa kimeanguka ku mabega, uso wote inje. Na ule uso, ninyi munaujua, hauna hata kunjo moja.

Rehema akamuangalia, akaniangalia, akamuangalia tena. "Mbona bibi bado kijana hivi?"

Vichwa vikatokea mu madirisha. Hapo nilipewa nafasi ya pili, na ilikuwa nafasi nzuri, watu walikuwa bado wana furaha, wangecheka kidogo yakaisha. Lakini nikaona vile viti viwili kupitia kioo, nikasema, "Ni bibi mudogo."

"Aaah, bibi mdogo!" wakasema wote, wakaridhika. Sababu kwao bibi mudogo ni mudogo wake bibi, yule dada wa mwisho wa kambo, anaweza hata kuwa na miaka yako. Lakini kwetu, munajua wenyewe bibi mudogo ni nani. Ni yule muke wa pili, mwenye mutu alimuoa juu ya wa kwanza. Na Mama Nadine alikuwa ameweka muguu mumoja ku ngazi ya basi, masikio yote mawili wazi.

"Bibi mudogo?" akasema.

"Panda, tutaongea."

"Na bibi mukubwa ni nani?"

Kabla nifungue mudomo, baba mumoja wa siti ya nyuma yetu, mutu mwema kabisa, akamujibu kupitia dirisha, "Bibi mkubwa atakuwa amebaki Kongo, mama. Safari hii ndefu, hawezi."

Mama Nadine akapanda. Akakaa. Akakunja lile koti la Babu Silvesta vizuri, akalirudisha. Kilomita nyingi zilipita hajasema kitu, na wale mulio na wake munajua kwamba ile njo hatari yenyewe, kelele ingekuwa neema. Mwishoni akasema akiangalia mbele:

"Anakaa wapi?"

"Nani?"

"Mukubwa."

"Hakuna mukubwa, Mama Nadine, ninakuapia."

"Batu ba Tanzania banamujua, mimi simujui. Ni Zongwe? Kila mwezi unaenda Zongwe."

"Zongwe ninaenda kwa ajili ya samaki!"

"Njo jina lake, Samaki?"

Ningemuelezea palepale, munasema. Nami ningesema hivyo kama ningekuwa ninyi. Lakini Rehema alikuwa amekaa kwenye kiti chake kidogo mbele yetu, hatua moja, anasikia kila kitu, na nikielezea hilo neno ni kusema nimedanganya biro ya tiketi, na nikisema hivyo viti vinaenda. Nikajiambia nitamuelezea Tabora, wakati wa chakula, pembeni, polepole. Bibi yangu alikaa pale anahesabu wanawake wote wa Zongwe mu kichwa, na mimi ninaangalia barabara. Njo mutu wa aina hiyo nilikuwa.

Tabora tulishuka kula. Meza ndefu, kila mutu na sahani yake, na Mama Nadine akaenda kukaa mwisho wa meza mbali na mimi, hakuchukua chakula. Nikabeba sahani nimufuate. Sikufika. Babu Silvesta alikuwa amesimama, amefunga vifungo vyote vya koti, akagonga meza na kijiko kama yuko mu darasa.

"Wasafiri wenzangu, samahani. Nina neno na mjukuu wangu huyu wa Kongo." Akanigeukia. "Mjukuu, mimi mke wangu amefariki mwaka wa tatu sasa. Nyumba ninayo, ya bati. Kahawa ninayo. Nimekaa na bibi yako tangu asubuhi, nimeona utulivu wake. Basi mbele ya mashahidi hawa ninakuomba: nipe huyu bibi yako."

Vigelegele! Wamama wakapiga makofi, dereva akainua mufupa wa kuku juu kama kengele. Sababu kule ni utani wao, babu anamuomba mujukuu bibi yake, mujukuu anajifanya kumugawa, watu wanafurahi, wanarudi ku chakula. Wote wakaniangalia wanangoja zamu yangu. Kusema hapana bila sababu, nitaonekana mutu mubaya. Kusema sababu, ni kusema yote. Nikaona njia fupi ni kucheza muchezo uishe.

"Babu, muchukue tu!" nikasema kwa sauti kubwa. "Sisi kule nyumbani tumeshamuchoka!"

Kicheko kililipuka mupaka mbwa wa pale wakakimbia. Nami nikacheka, hahaha, nimeshika sahani. Kisha nikaangalia mwisho wa meza.

Mama Nadine alikuwa amesimama.

"Papa Nadine," akasema. Hakupiga kelele. "Umesema nini?"

"Ni masihara, ngoja nikuelezee..."

"Muzee ameomba bibi yako. Weye umesema achukue. Mumenichoka. Wewe na nani mumenichoka? Wewe na mukubwa?"

Hakuna aliyekuwa anatafuna tena.

"Watoto ine nimezaa mu ile nyumba. Nadine anasoma kwa hii miguu yangu ku mashini. Nimetapika ziwa lote sababu ulisema utanionyesha bahari, kumbe ulikuwa unanileta kunigawa. Ku meza ya wali! Hata kuniuliza kama nimekula haujaniuliza!" Akawageukia wote. "Na ninyi, asubuhi nilisema munaheshimu bibi ya mutu!"

Rehema akasogea polepole. "Mama, samahani. Huyu ni nani wako?"

"Huyu? Huyu njo bwana yangu! Tulifunga ndoa ku kanisa, padri yuko muzima, picha ziko ku ukuta!"

Kijiko cha mutu kikaanguka. Mama mumoja akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa, na baada ya hapo ilikuwa meza nzima, watu wanashikana mabega, "Bibi ni mke wake! Jamani, mke wake!" Nikasimama pale nikaeleza lile neno, kwetu bibi ni hivi, kwenu bibi ni vile, kama mwalimu mubaya ambaye wanafunzi wanamuzomea. Kusema kweli kicheko ningekivumilia. Kucheka ni halali yao.

Aliyenimaliza ni Babu Silvesta, sababu yeye hakucheka. Alivua miwani akaifuta muda murefu.

"Kijana, nilikuuliza kama babu yake... kama babu yupo. Ukaniambia amekufa."

"Amekufa kweli, Babu, lakini..."

"Usiniite Babu." Akamugeukia Mama Nadine, akainamisha kichwa. "Mama, nisamehe. Nimekukosea heshima bila kujua. Wengine walidhani natania. Mimi nilikuwa natania nusu tu."

Hapo njo Mama Nadine alianza kulia, wakati wote ule alikuwa hajalia. "Muzee, weye haujakosa kitu," akamuambia. "Tangu asubuhi weye peke yako njo ulinimenyea chungwa."

Nilifikiri tumefika mwisho wa aibu. Lakini Rehema alikuwa amechukua ile karatasi ya viti, anaisoma na kukunja uso, kisha akasema, "Nifuate." Akanipeleka ku kona ya nyuma, pahali mwanamuke mumoja muzee, muzee wa kweli, fimbo na yote, alikuwa amekaa peke yake, ameweka miguu juu ya sanduku la soda. Ile miguu ilikuwa imevimba mupaka vifundo havionekani. Anaitwa Bibi Zuhura, anaenda Morogoro kwa mutoto wake. Alikata tiketi ya mbele juma moja kabla. Jina lililofutwa lilikuwa lake. Na hakufutwa kwa nguvu, njo kitu kinachoniumiza mupaka leo: walimupigia simu wakamuelezea, naye mwenyewe alisema, mwacheni mgonjwa akae mbele. Akakubali kukaa nyuma kabisa, juu ya gurudumu, kutoka Kigoma.

Alikuwa hajasikia fujo ya mezani, masikio yake ni mazito. Akaniona, akatabasamu, akaniuliza:

"Bibi wa Kongo kapata nafuu?"

Nikapiga magoti. Nikamuambia yote, kwa sauti kubwa sababu ya yale masikio, kwa hiyo watu wote walisikia mara ya pili. Alisikiliza mupaka mwisho, akasema, "Haya. Nisaidie kuamka." Hilo tu. Nikamusaidia.

Viti vikabadilishwa. Bibi Zuhura mbele, Mama Nadine kando yake (Rehema alisema yeye hana kosa, na basi nzima ilikubali kwa makofi), na mimi nyuma, juu ya gurudumu, magoti ku masikio, kati ya ndoo ya mawese na mutu aliyelala ku bega langu mupaka Manyoni. Kila tuta lilinisalimia mimi kwanza. Barabara sikuiona tena. Niliona vichwa viwili tu kule mbele, vyenye vitambaa, vimesogeleana vinacheka, na sikuhitaji mutu wa kuniambia wanacheka nani. Na kila tukisimama, basi nzima, kwa sauti moja: "Mjukuu! Shuka uchimbe dawa!"

Dodoma, Babu Silvesta akashuka. Nikapita katikati ya watu nikabeba sanduku lake mupaka chini, nikamuomba musamaha vizuri, kofia mukononi. Alinisikiliza kama mwalimu anayesikiliza somo ambalo mutoto amekariri bila kuelewa. "Mke wako ni mtu," akasema. "Wewe ningekurudisha darasa la kwanza." Akanipa mukono, lakini vidole viwili tu.

Dar es Salaam, siku mbili, Mama Nadine aliniambia maneno matatu: "chumvi", "sogea" na "funga". Nilimuelezea kuhusu Zongwe, kuhusu bibi mudogo, nilimuchorea hata ku karatasi. Alisikiliza anasukwa nywele. Mwishoni akauliza swali moja tu, na sijalijibu mupaka leo: "Ungesema 'muke wangu ni mugonjwa', yule dada angekunyima?" Sijui. Pengine asingeninyima. Sikujaribu.

Siku ya tatu asubuhi akavaa nguo yake mupya, ile aliyojishonea kwa hiyo safari, akasema, "Nipeleke ku bahari." Tukaenda. Akainua kitenge, akaingia mupaka vifundo vya miguu. Akachota maji kwa mukono, akaonja, akatema. "Kumbe ni kweli chumvi," akasema, lakini alikuwa anajiambia mwenyewe.

Mupiga picha mumoja wa pale ufukweni akatujia. "Karibuni picha! Kaka, huyu ni nani wako, nijue jinsi ya kuwapanga?"

"Mke!" nikapiga kelele. "Mke wangu! Mke wangu wa ndoa!" Nililisema kwa Kitanzania kabisa, kwa nguvu mupaka watu waliokuwa wanaoga wakageuka kuangalia kama kuna mutu anazama.

Mama Nadine hakugeuka. "Sasa una sauti," akasema. "Mu basi ulikuwa bubu."

Na alisema kweli, sababu neno lenyewe halikuwa kosa, kila muji na maneno yake. Kosa ni kwamba nilisikia wanakosea, nikaona kosa lao linanifaa, nikakaa juu yake kama mutu amekalia kiti cha mwingine. Nimejiapia: mutu akinielewa vibaya, hata kama kuna faida gani ndani, nitamusahihisha palepale, amesimama, kabla hajakaa. Ku bandari sasa wananiona ninasumbua. Wacha niwasumbue.

Mupiga picha akatusimamisha, akarudi nyuma, akafunga jicho moja. "Karibianeni kidogo," akasema. Mimi sikusogea, ile siku sikuwa na haki ya kusogea. Nikangoja. Mawimbi mawili yakaja, la tatu likaja. Kisha Mama Nadine akapiga hatua moja, ndogo, akaweka mukono ku bega langu, na huku anatabasamu vizuri kwa ajili ya picha akaniambia kupitia meno:

"Huu mukono ni wa picha. Usifikiri nimesamehe."